Kubadilisha Kichwa cha Ukurasa wa Tovuti Bila Kupoteza Nafasi kwenye Matokeo ya Utafutaji

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo Wakenya wamezoea kuiita SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF nchini Kenya. Kuanzia siku hiyo, ukurasa wowote wa Kiswahili uliowalenga Wakenya chini ya kichwa kama “Jinsi ya kujisajili NHIF” ulianza kuzeeka, kwa kuwa jina lililobebwa na kichwa halikuwa tena jina la huduma ambayo msomaji aliihitaji. Jambo hilo lilikuwa na ugumu mwingine, maana Tanzania nayo ina NHIF yake, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao haukuguswa na mabadiliko ya Kenya na unaendelea na kazi. Mwenye tovuti alibaki na swali ambalo kila mwenye tovuti hulikuta siku moja: nikibadilisha kichwa cha ukurasa, nafasi yangu kwenye Google itapanda, itashuka, au haitatikisika?

Jibu hutegemea mambo yanayoweza kukaguliwa kabla ya kubadilisha chochote, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuyakagua. Nitautumia ukurasa huo wa bima kama mfano, kwa sababu una karibu kila tatizo ambalo kichwa kinaweza kuwa nalo.

Kichwa kinachozungumziwa ni kipi

Neno “kichwa” huchanganya mambo manne, na makosa mengi huanzia hapo. Kuna kichwa kilichoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa, kwenye lebo iitwayo title, ambacho msomaji hakioni ndani ya ukurasa wenyewe bali hukiona kwenye kichupo cha kivinjari na kwenye orodha ya kurasa alizozihifadhi. Kuna kichwa cha habari kinachoonekana juu ya maandishi, ambacho kwa kawaida huwekwa kwenye lebo ya h1. Kuna maandishi makubwa yenye kiungo ambayo Google huyaonyesha kwenye matokeo, ambayo mara nyingi hutokana na lebo ya title lakini si lazima yafanane nayo neno kwa neno. Na kuna anwani ya ukurasa, ambayo mifumo ya kuendeshea tovuti kama WordPress huitunga kutokana na kichwa cha kwanza alichokiandika mwandishi kabla ya kuchapisha.

Tunachokibadilisha hapa ni lebo ya title. Hayo mengine matatu yataingia pale yanapogusana nayo, hasa anwani, kwa kuwa ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote ikiguswa bila uangalifu.

Namna kichwa kinavyogusa nafasi

Injini za utafutaji zimekitegemea kichwa tangu mwanzo. Mwaka 1998, Sergey Brin na Larry Page, waanzilishi wa Google, wakiwa bado wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika kwamba kwa mada nyingi zinazotafutwa sana, utafutaji mwepesi unaolinganisha maneno na vichwa vya kurasa peke yake ulitoa matokeo mazuri, mradi tu kurasa hizo zipangwe kwa kipimo chao cha PageRank, kinachoupa ukurasa uzito kutokana na viungo vinavyoelekea kwake. Katika mfumo wao huo wa awali, neno lililopatikana kwenye kichwa, kwenye anwani au kwenye maandishi ya kiungo liliwekwa katika kundi la pekee, mbali na neno la kawaida lililomo katikati ya aya.

Tangu wakati huo mizani imebadilika sana. Leo kichwa ni ishara moja miongoni mwa nyingi: Google husoma maandishi yote ya ukurasa, huzingatia viungo vinavyoelekea huko, na inaweza kutambua mada ya ukurasa hata kama neno alilolitafuta mtu halimo kwenye kichwa. Hata hivyo kichwa bado kinahesabiwa, na bado ndicho kitu chepesi kuliko vyote ambacho mwenye tovuti anaweza kukirekebisha kwa dakika tano.

Ukubwa wa athari hutegemea kichwa cha zamani kilikuwa na upungufu gani. Ukurasa ambao kwa miaka umeitwa “Nyumbani” au “Makala mpya”, ukipewa kichwa kinachotaja mada yake, unaweza kuanza kuonekana kwa maneno ambayo haukuwahi kuonekana nayo hapo kabla. Ukurasa ambao kichwa chake tayari kinaitaja mada kwa maneno ya wasomaji hautasogea sana kwa sababu tu umebadilisha mpangilio wa maneno hayo au kuongeza kivumishi. Na ukurasa ulioondolewa neno lililokuwa likiuletea wasomaji unaweza kushuka kwa neno hilohilo. Hatari hii ya tatu ndiyo ninayotaka msomaji aiogope kuliko nyingine zote, kwa sababu huja kwa nia njema: mhariri hukiona kichwa cha zamani kuwa kikavu, hukitafutia maneno ya kupendeza, na neno ambalo watu walikuwa wakiliandika kwenye simu zao huondoka bila mtu kujua kwamba lilikuwa na kazi.

Kuna athari ya pili, ambayo watu wengi huichanganya na ya kwanza. Kichwa kinaweza kuongeza idadi ya watu wanaobofya ingawa nafasi ya ukurasa haijabadilika hata kidogo, kwa kuwa mtu anayepitisha macho kwenye matokeo kumi huchagua lile linalomwonyesha wazi kwamba atapata alichokitafuta. Ukurasa ulioonekana mara 4,000 na kubofywa mara 80 una uwiano wa asilimia 2. Ukibofywa mara 120 kwa idadi ileile ya kuonekana, uwiano umefika asilimia 3, na wasomaji wameongezeka kwa nusu huku nafasi ikiwa palepale. Anayetaka kujua kichwa chake kimefanya nini hana budi kuyatenganisha haya mawili tangu mwanzo, la sivyo atasherehekea kupanda ambako hakukuwapo au kusikitikia kushuka ambako hakukutokea.

Kabla ya kugusa neno lolote

Fungua Google Search Console, ambayo ni huduma ya bure kwa yeyote anayeweza kuthibitisha kwamba tovuti ni yake. Ingia kwenye ripoti ya utendaji, chuja anwani ya ukurasa unaotaka kuubadilisha, kisha tazama orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta hadi wakauona. Ripoti itakupa namba nne: mibofyo, mara za kuonekana, uwiano wa mibofyo na nafasi ya wastani. Chagua kipindi cha miezi mitatu iliyopita, pakua orodha yote na uihifadhi kwenye jedwali pamoja na kichwa cha sasa kama kilivyo, herufi kwa herufi, na tarehe ya siku hiyo. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo unaweza pia kupakua kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, na utakihitaji baadaye.

Usishangae ukikuta jumla ya mibofyo ya maneno yaliyoorodheshwa haifikii jumla ya ukurasa. Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, ili kulinda faragha yao.

Sasa soma orodha hiyo neno kwa neno, kwa kuwa hapa ndipo kazi yote ilipo. Weka alama kwenye maneno yanayoleta mibofyo. Hayo ni mali yako, na kichwa kipya hakina ruhusa ya kuyaacha bila sababu nzito. Kisha weka alama ya pili kwenye maneno ambayo ukurasa umeonekana nayo mara nyingi bila kubofywa, na ujiulize kwa kila moja kama ukurasa wako unalijibu kweli. Kama unalijibu lakini kichwa hakilitaji, umepata sababu halali ya kubadilisha. Kama haulijibu, tatizo liko kwenye maandishi na kichwa hakitalitibu.

Mwenye ukurasa wa bima aliyefanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2024 angeweza kujikuta na makundi mawili ya watu waliotumia neno moja: Wakenya walioendelea kuandika NHIF kwa mazoea huku wakitaka SHA, na Watanzania waliotaka NHIF yao wenyewe. Orodha ya nchi, ambayo imo kwenye ripoti hiyohiyo, ingemwonyesha ni kundi lipi lililokuwa kubwa. Kama wasomaji wengi walikuwa Tanzania, kukibadilisha kichwa kiwe cha SHA kungewafukuza waliokuwa wakifika na kuwaita ambao ukurasa haukuandikwa kwa ajili yao. Suluhisho la kweli lingekuwa kurasa mbili, kila moja na kichwa chake na maandishi yake.

Kuandika kichwa kipya

Anza na lugha. Katika kurasa za Kiswahili kuna kosa moja linaloniumiza kila ninapolikuta: makala nzima ni ya Kiswahili safi, lakini lebo ya title imeandikwa kwa Kiingereza, kwa imani kwamba Google inaelewa Kiingereza vizuri zaidi. Google yenyewe inashauri kichwa kiwe katika lugha na maandishi ya ukurasa, na inapoona tofauti inaweza kukiacha kichwa chako na kutafuta kingine ndani ya ukurasa. Zaidi ya hapo, Google hutambua lugha ya ukurasa kwa kuyasoma maandishi yanayoonekana, wala haitegemei alama ya lugha iliyowekwa kwenye msimbo. Mtu aliyetafuta kwa Kiswahili akikutana na kichwa cha Kiingereza ana kila sababu ya kudhani kwamba ukurasa wote ni wa Kiingereza, akapita.

Baada ya lugha huja uchaguzi wa neno, na Kiswahili kina utajiri unaotuletea kazi. Samaki wadogo wa Ziwa Victoria ni dagaa Tanzania, omena Kenya na mukene Uganda. Ugonjwa wa kuku ambao wafugaji wengine wanauita kideri, wengine wanauita mdondo. Kwenye bima, mmoja ataandika “kujiunga”, mwingine “kujisajili”, wa tatu “kujiandikisha”. Kishawishi cha kuyapanga yote kwenye kichwa kimoja ni kikubwa, lakini kichwa kilichojazwa visawe husomeka kama orodha ya bidhaa sokoni, hakimwambii msomaji chochote, na ni mojawapo ya sababu zinazoifanya Google ikiandike upya. Chagua neno ambalo orodha ya Search Console inaonyesha kwamba wasomaji wako wanalitumia zaidi, liweke kwenye kichwa, na visawe vyake viingie kwenye aya ya kwanza na kwenye vichwa vidogo kwa namna ya kawaida ya kuandika.

Tahajia ibaki sahihi. Watu wengi huandika “ngombe” bila ritifaa kwa sababu ya kibodi ya simu, lakini hilo si sababu ya kuandika kichwa chenye kosa ambacho kila msomaji atakiona. Lililo muhimu ni kuhakikisha kwamba ritifaa ya “ng'ombe” inaonekana sawasawa baada ya kuhifadhi, kwani baadhi ya mifumo huigeuza kuwa mlolongo wa namba na alama, na mlolongo huo ukaingia hadi kwenye matokeo ya utafutaji.

Kuhusu urefu, lebo ya title haina kikomo kilichowekwa na Google. Kinachotokea ni kwamba matokeo hukatwa kulingana na upana wa skrini, na ndiyo maana watu wa fani hii hupendekeza herufi 50 hadi 60, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Maneno ya Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo herufi 60 huisha mapema. Tanguliza maneno yenye uzito, ili hata yakikatwa ya mwisho maana ibaki. “Jinsi ya kujiunga na NHIF Tanzania: gharama na nyaraka” kina herufi 54, kinataja tendo, huduma, nchi na kile ambacho msomaji atakipata. “Hatua za kujisajili SHA Kenya baada ya NHIF” kina herufi 43, na kimefanya jambo la busara: kimeleta jina jipya pasipo kulitupa la zamani ambalo watu bado wanalikumbuka. Linganisha na “Kila unachohitaji kujua kuhusu bima ya afya kwa ajili yako na familia yako”, ambacho kimetumia nafasi yote bila kumwambia mtu kama kinahusu nchi yake.

Jina la tovuti halina haja ya kuchukua nusu ya kichwa. Tangu Oktoba 2022, Google ilipoanza kuonyesha jina la tovuti kwa kipekee juu ya kila tokeo kwenye simu, kulirudia kila mahali kumekuwa na faida ndogo zaidi, isipokuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti. Nao mwaka uwekwe kwenye kichwa pale tu ambapo maandishi yamehakikiwa upya kwa mwaka huo. Kubadilisha “2024” kuwa “2025” huku viwango na masharti yaliyomo ni ya zamani ni kumdanganya mtu ambaye pengine yuko kituo cha afya akiwa na mgonjwa mkononi.

Kufanya badiliko lenyewe

Kwenye WordPress, programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye mfumo, kama Yoast SEO au Rank Math hutoa kisanduku cha kuandika kichwa cha utafutaji mbali na kichwa cha makala. Bila programu hizo, kichwa cha makala ndicho huingia kwenye lebo zote mbili, na kukibadilisha kutabadilisha na kile kinachoonekana na msomaji. Tovuti iliyoandikwa kwa mkono huhitaji kufunguliwa faili lake. Hakikisha kwamba ndani ya sehemu ya head, iliyo juu ya msimbo wa ukurasa, kuna lebo moja tu ya title, kwa kuwa mandhari (muundo wa mwonekano wa tovuti) na programu-jalizi zikigongana huweza kuweka mbili.

Anwani ya ukurasa iache kama ilivyo. Hata kama inasema “kujisajili-nhif” na kichwa sasa kinasema SHA, maneno ya kwenye anwani yana uzito mdogo mno kulinganisha na hasara ya kuvunja viungo ambavyo watu wengine wameviweka kuelekea kwako. Ikiwa kwa sababu nyingine huna budi kuibadilisha, weka uelekezaji wa kudumu, ule unaojulikana kwa namba 301, kutoka anwani ya zamani hadi mpya, na usifanye hivyo katika mwezi uleule unaopima kichwa.

Kichwa kinachoonekana juu ya makala kipatane na kipya. Si lazima vifanane neno kwa neno, lakini kimoja kikisema SHA na kingine NHIF, umeipa Google ishara mbili zinazopingana na msomaji sababu ya kuondoka. Rekebisha pia maandishi ya menyu na ya viungo vya ndani ya tovuti yako vinavyoelekea kwenye ukurasa huo, pamoja na lebo ya og:title, ambayo ndiyo WhatsApp na Facebook huisoma mtu anaposambaza kiungo. Lebo hiyo ya mwisho haikupandishi kwenye utafutaji, ila kwa wasomaji wetu, ambao hupokea viungo vingi zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, inastahili dakika yake moja.

Ukishahifadhi, futa kache ya tovuti, yaani nakala za kurasa zilizowekwa ili zifunguke haraka, fungua ukurasa kwenye kivinjari, bofya vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja ili uone msimbo, na uitafute lebo ya title kwa macho yako. Nimewahi kungoja wiki tatu matokeo ya kichwa ambacho hakikuwahi kufika kwa wasomaji, kwa sababu kache ilikuwa ikitoa nakala ya zamani.

Kisha rudi Search Console, weka anwani ya ukurasa kwenye zana ya kukagua URL (yaani anwani) na uombe ukurasa usomwe upya. Kuomba mara nyingi hakuharakishi chochote. Bing nayo, injini ya utafutaji ya Microsoft, hupokea taarifa kupitia utaratibu wa IndexNow, uliozinduliwa Oktoba 2021 na Microsoft Bing pamoja na Yandex, na programu-jalizi kadhaa za WordPress huutuma ujumbe huo zenyewe.

Mwenye tovuti ya kurasa mia tano asizibadilishe zote usiku mmoja. Achague kumi zinazofanana, aache kumi nyingine za aina hiyohiyo bila kuzigusa, na aandike tarehe. Programu ya Screaming Frog, ambayo toleo lake la bure hukagua hadi anwani 500, itampa orodha ya vichwa vyote, ikiwa ni pamoja na vinavyojirudia na vilivyo tupu, na hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Kurasa zinazoleta wasomaji wengi kuliko zote ziwe za mwisho, na kama hazina kasoro inayoonekana, ziachwe.

Kusubiri na kusoma namba

Google inasema kuusoma ukurasa upya kunaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Kwa hiyo siku ya kuanza kuhesabu ni siku ambayo roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa, ilikisoma kichwa kipya, wala si siku ulipokihifadhi. Zana ya kukagua URL huonyesha tarehe ya usomaji wa mwisho na msimbo uliosomwa. Ukikiona kichwa kipya humo, anza kuhesabu wiki nne. Takwimu za siku mbili au tatu hazina maana yoyote, hasa kwenye ukurasa unaobofywa mara kumi kwa siku.

Namba inayopotosha watu kuliko zote ni nafasi ya wastani. Chukua ukurasa uliokuwa nafasi ya 5 kwa neno moja, ukaonekana mara 1,000. Baada ya kichwa kubadilishwa, unapanda hadi nafasi ya 4 kwa neno hilo, tena kwa mara 1,000, na wakati huohuo unaanza kuonekana kwa neno jipya katika nafasi ya 40, mara 500. Wastani wa ukurasa sasa ni 16. Mtu anayetazama namba hiyo pekee ataona anguko kutoka 5 hadi 16 na kukirudisha kichwa cha zamani mbio, ilhali hakuna neno hata moja ambalo ukurasa umeshuka nalo. Ndiyo maana orodha ya maneno uliyoipakua mwanzoni ni muhimu: linganisha neno kwa neno, ukianza na yale uliyoyawekea alama kwamba ni mali yako.

Chunguza pia kama kitu kingine kilitokea katika wiki hizo. Google hufanya masasisho makubwa ya mfumo wake mara kadhaa kwa mwaka na huyatangaza kwenye ukurasa wake wa hali ya utafutaji. Sasisho la Machi 2024 lilianza tarehe 5 Machi na kukamilika tarehe 19 Aprili, siku 45 nzima, na aliyebadilisha vichwa katikati ya kipindi hicho hakuwa na njia ya kujua kilichomsogeza. Msimu nao una nguvu. Utafutaji wa matokeo ya mitihani ya kidato cha nne hufurika yanapotangazwa na kukauka baada ya hapo, na utafutaji wa nyakati za futari hufuata mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Hapo ndipo takwimu za mwaka uliopita, na zile kurasa kumi ambazo hukuzigusa, zinapokulinda dhidi ya hitimisho la haraka: kama zote zimeshuka kwa kiasi kimoja, kichwa hakina kosa.

Google inapoonyesha kichwa kingine

Tangu mwaka 2012 Google imekuwa ikitumia maandishi mengine badala ya lebo ya title pale inapoona inafaa, na Agosti 2021 ilitangaza mfumo mpya wa kutunga vichwa hivyo. Mwezi uliofuata ilieleza kwamba lebo ya title ilikuwa ikitumika kwa takriban asilimia 87 ya matokeo, kutoka asilimia 80 ya awali. Ukiona maneno ambayo hukuyaandika, usidhani moja kwa moja kwamba umeadhibiwa. Wakati huo Google ilieleza kwamba badiliko hilo halikugusa upangaji wa nafasi, na kwamba kichwa ulichokiandika bado kinatumika katika kupanga.

Hata hivyo maneno ambayo Google imeyachagua yanakufundisha. Yakitoka kwenye h1, mara nyingi lebo yako ya title ilikuwa imepitwa na wakati, ilikuwa nusu tupu, au ilifanana na ya kurasa nyingine kumi. Mfano wa kawaida ni tovuti iliyobadilisha mwaka kwenye kichwa kinachoonekana na kuusahau kwenye title. Yakitoka kwenye maandishi ya viungo vya tovuti nyingine, huenda watu wanaujua ukurasa wako kwa jina ambalo wewe hukulitumia, na jina hilo linastahili kufikiriwa. Rekebisha kasoro hiyo, omba usomwe tena, na usubiri muda uleule.

Maneno muhimu yakishuka kweli

Baada ya wiki nne, ikiwa maneno uliyokuwa ukiyategemea yameshuka, kurasa ulizoziacha hazikushuka, na hakuna sasisho wala msimu wa kulaumiwa, chunguza kwanza ni neno gani liliondoka kwenye kichwa. Mara nyingi huhitaji kurudi nyuma kabisa. Inatosha kulirudisha neno hilo ndani ya kichwa kipya. Kama hilo haliwezekani, rudisha kichwa cha zamani kama ulivyokinakili kwenye jedwali, pamoja na nukta mbili na herufi zake kubwa, andika tarehe, omba usomwe upya, na uhesabu tena tangu siku roboti itakapokisoma. Nafasi haitarudi siku hiyo, na hairudi kwa kubadilisha tena baada ya siku tatu. Katika kipindi hicho chote usiguse aya ya kwanza, picha, wala menyu ya ukurasa huo, ili namba zitakapokuja uweze kujua zinasema kuhusu nini.